Ukurasa wa Tisa wa Hotuba

Watu wakisikia kwamba mama yangu mkubwa alifanya kazi Ikulu miaka thelathini na moja, husogeza kiti karibu yangu na kushusha sauti. Wanataka siri. Huwa nawavunja moyo mapema: Mama Mkubwa alikuwa mpiga chapa, na kwa umbea hakuwa na faida yoyote. Ungeweza kukaa naye jikoni tangu asubuhi hadi jioni ukaambulia habari za magoti yake tu, lipi linauma kweli na lipi linasingizia.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye sweta la kijivu lililotiwa viraka viwikoni, na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alianza kazi enzi za mashine za chuma, zile za kugonga mpaka meza inatikisika, na kompyuta zilipoletwa akaendelea kugonga vile vile. Mafundi wa ofisi walilalamika kwamba kibodi yake haimalizi mwaka. Yeye alisema vitu vya siku hizi vimedekezwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchapa hotuba za kiongozi wa nchi, ambaye yeye alimwita Mheshimiwa tu, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Usidhani ni jambo dogo. Hotuba ilichapwa kwa herufi kubwa, mistari kumi na minne kwa ukurasa, upande mmoja wa karatasi, na karatasi hazikubanwa kwa pini, ili Mheshimiwa azitelezeshe pembeni bila kelele. Palipofaa kuvuta pumzi, Mama Mkubwa aliweka kistari cha wino mwekundu. Pafu la kushoto la Mheshimiwa lilikuwa na hitilafu ya zamani, na Mama Mkubwa alilijua pafu hilo kuliko daktari. Akimaliza kuchapa alifunga mlango, akazunguka chumba akisoma kwa sauti. Pumzi ikimwishia kabla ya kistari, alirudi kwa mwandishi wa hotuba kumwambia apunguze maneno. Juu ya yote alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: sentensi haivuki ukurasa.

"Mtu akigeuza karatasi katikati ya sentensi," alisema, "hata kama anasema kweli, anaonekana anabahatisha."

Kila hotuba ilikuwa na nakala. Ya kwanza ilikaa mezani kwa Mheshimiwa. Ya pili aliishika yeye mwenyewe, amesimama nyuma ya kamera, endapo karatasi ingepotea au kumwagikiwa chai. Hotuba ikiwa ya watu wa nje, kulikuwa na nakala ya tatu, ya wakalimani. Hiyo ilitangulia kupelekwa huko nje, wakaitafsiri mapema, ili Mheshimiwa anapozungumza wao wasome kwa raha bila kigugumizi. Hiyo ya tatu naomba uikumbuke, maana ndiyo yenye kesi.

Sasa nikueleze kwetu. Mama yangu alikuwa mdogo wa Mama Mkubwa kwa miaka sita, mshonaji, mwenye cherehani yake karibu na dirisha la sebuleni. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafundisha darasa la tatu katika chumba cha chini ya shule, kwa sababu tangu vita vianze vyumba vya juu havikuwa salama tena. Baba alikuwa fundi wa laini kubwa za umeme, wale wanaopanda nguzo ndefu za chuma. Alikuwa mtu wa utani. Alikuwa akisema kwamba yeye ndiye pekee katika ukoo mzima aliyepanda cheo kila siku na kushuka kabla ya jioni.

Katika mwaka wa pili wa vita, asubuhi moja saa nne, kombora lilikata laini inayopeleka umeme hospitali kuu. Jenereta la hospitali lilikuwa bovu. Baba na mwenzake mmoja walipanda gari kwenda kwenye kilima ilikopita laini, karibu kabisa na mstari wa mapigano. Mwenzake aliumia mguu mapema akarudishwa. Baba akabaki peke yake. Saa tisa na dakika arobaini taa za hospitali ziliwaka, na mashine za chumba cha upasuaji zikaanza kuguruma. Kwa hiyo tulijua amefika juu na amemaliza kazi. Robo saa baadaye adui alipiga kilima kizima, na kufikia jioni alikuwa amekiteka. Hakuna aliyeweza kwenda kutazama. Kwenye daftari la serikali Baba akaandikwa "hajulikani alipo", na hivyo ndivyo alivyokaa.

Nyumbani kwetu hakuna aliyetamka neno marehemu. Mimi hasa nilikuwa mkali kama pilipili. Jirani wa ghorofa ya chini alipokuja kutupa pole nilimrudishia pole yake mlangoni, nikamwambia apeleke kwa wenye msiba. Nilisema Baba ametekwa, mateka hurudi, na fundi wa umeme hata adui anamhitaji. Nilikuwa nayasema hayo mezani kila siku, chakula kikinipoa kwenye sahani. Mama hakunipinga hata mara moja. Alinisikiliza, kisha akasogeza sahani karibu yangu kidogo. Mimi nikaamini kwamba namtia moyo. Nilijiona nguzo ya nyumba.

Basi miezi mitano ikapita hivyo, na nchi ikafikiwa na maji ya shingo. Makombora yalikuwa yanaingia huku tunaona. Kulikuwa na nchi moja rafiki, kubwa, tajiri, yenye mitambo ya kuyaangushia angani, lakini bunge lao lilikuwa linajivuta. Walikuwa wametuonea huruma mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakaanza kutazama saa. Ikaamuliwa kwamba Mheshimiwa azungumze nao mwenyewe, moja kwa moja kupitia skrini, bunge zima likiwa limekaa, siku chache kabla hawajapiga kura. Kila mtu mjini aliijua siku na saa. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Mwandishi wa hotuba alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye kalamu nne mfukoni na kichwa kimoja kilichojaa sifa zake. Wiki moja kabla, alimletea Mama Mkubwa orodha ya hasara za vita aichape. Mle ndani kulikuwa na mstari: hospitali kuu ilikaa gizani saa sita. Mama Mkubwa akasimamisha mikono.

"Si saa sita," akasema. "Ni saa sita kasoro dakika ishirini."

"Umejuaje?"

Hapo ndipo alipokosea. Mtu aliyekula na kunywa na siri za nchi karibu miaka thelathini, akiulizwa swali dogo kama hilo, alivua miwani akaeleza yote: shemeji yake, kilima, taa, nguzo. Alilia kidogo pia, kwa sababu nyumbani kwetu hakukuwa na nafasi ya kulia, mimi nisingemruhusu. Mwandishi alimpa kitambaa, akamsikiliza kwa upole kabisa, halafu akaenda ofisini kwake akaandika.

Siku ya hotuba, saa mbili asubuhi, karatasi za mwisho zilifika mezani kwa Mama Mkubwa. Alichapa ukurasa wa kwanza mpaka wa nane. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba fundi mmoja wa umeme alipanda nguzo chini ya mabomu, akarudisha taa kwenye chumba cha upasuaji, na jioni ile watoto wawili wakazaliwa salama. Ulimalizia hivi: YEYE ALIKUFA JUU YA NGUZO ILE ILE. Mikono yake ilikwisha zoea kutii. Iliuchapa wote kabla kichwa hakijawahi kuizuia. Nakala ya wakalimani ikatumwa saa tatu, kama kawaida. Kisha alifunga mlango, akaanza kuzunguka akisoma kwa sauti, na alipofika kwenye mstari huo wa mwisho, ambao hata mtoto angeumaliza kwa pumzi moja, pumzi ikamwishia. Akaenda kuomba gari.

Mimi nilikuwa nyumbani wiki ile kwa sababu maji yalikuwa yameingia kwenye chumba chetu cha chini ya shule. Nilimwona anaingia bila kuvua viatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, ameshika karatasi moja iliyokunjwa mara mbili. Kutoa karatasi nje ya Ikulu kabla ya hotuba ni kosa la kufukuzwa kazi.

"Dada, kuna nini?" Mama akauliza, akisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nina dakika ishirini. Nisikilize kwanza, halafu unitukane."

Alisoma ukurasa ule akiwa amesimama. Alipomaliza, mimi nilikuwa nimeshasimama pia.

"Amekufa lini?" nikasema. "Nani kasema? Kuna mtu kamwona? Mama Mkubwa, wewe ndiye uliyekwenda kumtangaza?"

"Nilikosa, mwanangu. Niliropoka."

"Basi wakatafute maiti mwingine! Wako wengi! Kwa nini wamuue wa kwetu?"

"Mwandishi anasema bila kipande hiki hotuba ni ombi tu, na wale watu wameombwa mpaka masikio yamekufa ganzi. Anasema bunge lile linaweza kugeuka kwa ukurasa huu mmoja." Alimgeukia Mama. "Mimi sijui. Sijui kabisa. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mama alikuwa anang'oa nyuzi kwenye kidole chake, moja moja.

"Mama, mwambie!" nikapiga kelele. "Mwambie Baba hajafa!"

"Mwanangu," Mama akasema, "mpelekee dereva maji ya kunywa. Joto hili."

"Mama—"

"Nenda. Huyu na mimi tumenyonya ziwa moja. Tuache tuongee."

Nikatoka na gilasi, nimekunja uso. Dereva alikuwa mzee mchangamfu aliyejaribu kunichekesha. Aliniambia gari lile limebeba mawaziri saba na wote walikuwa wanakoroma sawa. Sikucheka. Nilihesabu madirisha ya jengo letu, yaliyobandikwa vipande vya karatasi ili vioo visiruke, nikayarudia tena kuhesabu. Baada ya dakika kama kumi Mama Mkubwa akatoka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nitamwomba Mheshimiwa abadilishe," akaniambia. "Leo usikose kutazama."

Nilimkumbatia nikamlowesha sweta.

Yaliyotokea Ikulu nilisimuliwa baadaye na dereva, ambaye alisimuliwa na mhudumu wa chai, ambaye alikuwa ndani. Mheshimiwa alikuwa amekaa na shati, anapakwa poda ya kamera. Mwandishi alikuwa kando yake. Mama Mkubwa aliingia bila kuitwa.

"Mheshimiwa, ukurasa wa tisa una jambo lisilothibitishwa."

"Lipi?"

"Huyu fundi hana cheti cha kifo wala kaburi. Kwenye daftari ameandikwa hajulikani alipo. Kesho adui akimtoa kwenye televisheni yake, yuko hai anakunywa uji, mimi nitachapa nini?"

Mwandishi akaruka kama aliyekanyaga msumari, akisema huu ni mstari wa hotuba nzima, kwamba hakuna bunge linalosimama kwa ajili ya mtu aliyechelewa kurudi. Mheshimiwa akanyanyua mkono kumnyamazisha.

"Ni ndugu yako?" akamuuliza Mama Mkubwa.

"Ni shemeji yangu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akaomba kalamu, akakata mstari ule kwa mkono wake, akaandika juu yake: Mpaka leo hajarudi nyumbani. "Na wakalimani watumiwe upya," akasema.

"Nitawatumia mimi mwenyewe," akajibu Mama Mkubwa, akaondoka na karatasi.

Saa tisa tulikuwa mbele ya televisheni, mimi na Mama, na jirani wa chini ambaye alikwisha nisamehe. Mheshimiwa alionekana amekonda. Alizungumza polepole, akavuta pumzi mahali pake, akazitelezesha karatasi bila mlio. Aliwaambia wale wabunge kwamba hatuombi watoto wao waje kupigana, tunaomba anga letu lifungwe ili watoto wetu walale. Aliwakumbusha ahadi walizoandika na kutia saini. Kisha akafika kwa fundi wa umeme.

"Mpaka leo," akasema Mheshimiwa, "hajarudi nyumbani."

Akageuza karatasi. Kamera ikaonyesha bunge lile la rafiki, watu mamia, kila mmoja na kifaa cha kusikilizia sikioni. Walikuwa wameinama. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alikuwa anafuta macho. Kisha mzee mmoja akasimama, na nyuma yake wengine, mpaka wote wakawa wima, kimya, hakuna anayepiga makofi. Nikajiambia, ama kweli hawa ni rafiki. Wanalia kwa ajili ya mtu aliyekawia tu. Nilijawa na furaha hata nikamshika jirani mkono.

"Wamesimama," Mama akasema. Akainuka, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya nne walipiga kura, tukapata. Mitambo ikaja, na transfoma, na majenereta ya hospitali zote. Sisemi kwamba vita viliisha, lakini baada ya wiki chache tulianza kulala tukiwa tumevua viatu.

Lakini hiyo kesho yake ya hotuba haikunipita hivi hivi. Asubuhi redio ya nje, ile inayotangaza kwa lugha yetu, ilisema bunge lilisimama kimya kwa heshima ya fundi wa umeme aliyekufa juu ya nguzo akirudisha taa za hospitali. Nilidhani nimesikia vibaya. Jioni wakarudia. Mwandishi wa gazeti moja la huko akauliza iweje kiongozi aseme hajarudi na mkalimani aseme amekufa. Kipi ni kweli? Ikawa fedheha ya wiki nzima. Ofisi ikatoa taarifa kwamba lilikuwa kosa la nakala, na kwamba fundi huyo bado hajulikani alipo. Walipotafuta mwenye kosa hawakutafuta mbali. Ukurasa mpya wa tisa haukuwahi kutumwa kwa wakalimani.

"Nilisahau," alisema Mama Mkubwa.

Waliamini. Umri umekwenda, wakasema, na siku ile alikuwa amechanganyikiwa. Mimi pia niliamini, ingawa nilipaswa kunusa kitu, maana huyu ni mwanamke aliyewahi kumrudisha tarishi kutoka getini kwa sababu ya nukta moja. Aliondolewa kwenye hotuba, akapelekwa masjala kupanga mafaili ya zamani, chumba kisicho na dirisha. Alikaa humo mpaka alipostaafu. Alipewa nafasi yake binti mmoja mwenye kasi ya ajabu, na Mheshimiwa akaanza kugeuza karatasi katikati ya sentensi. Mama Mkubwa akiwa kwetu, televisheni ikiwashwa, alikuwa anafumba macho. "Kavuka," alinong'ona. "Kavuka tena."

Mimi sikumwonea huruma. Nilimnunia, na nikinuna huwa nanuna kikamilifu. Kila Jumapili alikuja kama kawaida, na kila Jumapili nilimwekea chai mezani bila kufungua mdomo. Salamu yake nilimjibu kwa kichwa. Alikunywa, akasema, "Chai nzuri," akakaa na Mama, akaenda zake. Nilikuwa nimeamua kwamba yeye ndiye aliyemtangaza baba yangu kuwa maiti mbele ya dunia, kwa uzembe, na kwamba Mama alikuwa anavumilia kwa sababu ni dada yake wa tumbo moja. "Usimfanyie hivyo," Mama aliniambia mara moja au mbili. Nikamjibu kwamba namtetea yeye. Miaka miwili na miezi kadhaa ilipita hivyo. Naona aibu kuiandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Katika mwaka wa tano jeshi letu lilikirudisha kile kilima. Kikosi cha kutafuta waliopotea kilimkuta Baba chini ya nguzo, kwenye vichaka, mkanda wake wa zana ukiwa bado kiunoni. Daktari alisema alikufa siku ile ile, na huenda ni saa ile ile. Tukamzika mahali pake, siku ya jua kali, na watu wengi, wakiwemo wauguzi wa hospitali kuu ambao sikuwajua.

Wageni walipoondoka tulibaki watatu jikoni na rundo la vikombe. Mama alikuwa anaosha, Mama Mkubwa anasuuza, mimi nafuta. Sijui ni uchovu au ni nini, lakini mdomo wangu uliokuwa umefungwa miaka yote ile ukafunguka wenyewe.

"Mama Mkubwa, sasa umepata nafuu?" nikasema. "Watu wa nje walijua kabla yetu. Walimsimamia baba yangu wakamlilia, na sisi huku tumekaa tunamngoja. Yote kwa sababu ulisahau."

Mama Mkubwa aliendelea kusuuza kikombe kilichokuwa kimeshatakata.

"Hakusahau," Mama akasema.

Nilimtazama. Alikuwa ameacha maji yakitiririka, akafunga bomba, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Mimi ndiye niliyemwambia asiwatumie. Siku ile nilipokutoa nje na gilasi ya maji. Alitaka kwenda kuufuta mstari wote, kwa Mheshimiwa na kwa wakalimani. Nikamwambia, Dada, huko kwao uache. Wale hawamjui. Wakisikia amekufa watatoa, na wakitoa labda mume wa mtu mwingine hatapanda nguzo chini ya mabomu. Lakini Mheshimiwa asilitamke neno hilo kwa lugha yetu."

"Ili usisikie," nikasema. "Ulikuwa huna nguvu za kusikia."

"Mimi?" Mama akatikisa kichwa. "Mimi nilijua jioni ile ile, mwanangu. Taa zilipowaka nilimpigia simu. Ikaita, ikaita. Nikapiga tena baada ya nusu saa, haikuita. Baba yako akishashuka chini hajawahi kuacha kupokea simu yangu, hata kama ana chakula mdomoni. Nilijua. Na dada yangu alijua. Asiyeweza kusikia ulikuwa wewe."

Nikaweka kikombe mezani.

"Ulikuwa umekonda mpaka nashona nguo zako upya. Ulikuwa unakula pale tu unapoongea kwamba atarudi. Nikasema, Mheshimiwa akitamka neno lile mchana huu, mtoto amekaa mbele ya televisheni, nitawapoteza wawili. Hatukufikiri kwamba redio italirudisha neno lenyewe kesho yake."

"Mbona hamkuniambia?" Nilimgeukia Mama Mkubwa. "Mbona ulisema umesahau?"

Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la sweta, na macho yake bila miwani yalionekana madogo, ya mtu wa kawaida aliyechoka.

"Ningesema nilifanya makusudi, ungeniuliza kwa nini," akasema. "Na ungejua kwamba mama yako anajua. Kosa la nakala lilikuacha na baba yako akiwa bado hai kichwani mwako. Basi nikalichukua."

"Walikutoa kwenye kazi yako. Na mimi nikakununia."

"Kazi iliniuma," akasema. "Hilo la kununa liliniuma zaidi. Lakini kila Jumapili nilikuwa nakuangalia unavyokula."

Nilianza kumwomba radhi, nikakwama kwenye neno la kwanza, nikaanza upya, nikakwama tena. Alinisubiri. Nilipoinamisha kichwa begani kwake alinishika kwa mikono yake mifupi yenye maji ya sabuni, akanipapasa mgongo. Mama akafungua bomba, akaendelea kuosha.